Mchungaji Aliyesikiliza Chini ya Sinki

Jumapili moja asubuhi, fundi cherehani mmoja alikuwa akitia vifungo kwenye sare za shule za watu, mumewe akamwambia kwamba ameitwa haraka kwenda kutengeneza birika la kanisa. Mke hakuinua hata uso.

"Birika la chai linaitiwa fundi bomba tangu lini? Si likitoboka linatupwa?"

Mume akacheka, akajitwika mkoba wa spana begani. "Hili ni birika la kuingia mtu mzima, mama watoto. Hawa ni Wabaptisti. Wao hawanyunyizi, wanazamisha."

"Basi angalia wasikuzamishe."

Alisema kwa mzaha tu, uzi ukiwa mdomoni. Miaka mingi baadaye, kila alipohesabu vikao, mazishi, harusi na wageni waliompitia jikoni mwake, alijilaumu kwa mzaha ule. Ulimi nao huumba, alisema.

Kanisa lenyewe lilikuwa ghala la zamani la magunia, lenye mlango wa chuma uliolia kama ng'ombe kila aliyechelewa alipoingia. Birika la saruji lilikuwa nyuma ya mimbari, limefichwa na pazia la zambarau. Watu sita walikuwa wabatizwe siku hiyo, na maji yalikuwa yakivuja chini kwa kasi kuliko yalivyoingia juu. Fundi akashuka ndani na overoli yake, akaziba ufa, akabadilisha koki. Ibada ikaanza yeye akiwa bado humo humo shimoni. Nje, nyuma ya ukuta, mama mfagizi alikuwa ameshika valvu akingoja aambiwe afungulie.

Mbele ya pazia, mchungaji mzee wa kanisa alikuwa amefika kileleni mwa mahubiri yake, shati limemganda mgongoni. "Ni nani leo," akaita, "ni nani atakayesema bila kuona haya: mimi niko tayari?"

Mtu akakohoa.

"Tayari!" sauti ikanguruma nyuma ya pazia, nene, yenye mwangwi wa shimo tupu. "Niko tayari kabisa! Leta maji!"

Kwaya ililipuka kabla ya kupewa sauti. Bibi mmoja alianguka benchi la nyuma na ikabidi apepewe. Mchungaji mzee, ambaye alikuwa ameuliza swali hilo Jumapili nenda Jumapili rudi bila kupata hata mguno, alivuta pazia. Akamkuta fundi amesimama, maji yakimpanda magotini, spana mkononi, mdomo wazi, na watu mia wakimpigia makofi.

Mwanamume mwingine angesema ukweli. Lakini huyu alikuwa na haya kiasi kwamba alipiga hodi hata kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akasema, "Asanteni."

Alirudi nyumbani ameloa chapachapa.

"Birika limepona?" mkewe akauliza.

"Limepona."

"Na wewe una nini?"

"Mimi nadhani nimeokoka."

Cherehani ikasimama. "Unadhani?"

"Walinipigia makofi, mama watoto. Ningewaambia nini?"

Wakakubaliana arudi Jumapili inayofuata akaeleze kwamba yeye alikuwa akiongea na mama mfagizi. Akaenda. Akawekewa kiti cha mbele, akapewa chai, akarudi hajaeleza. Jumapili ya tatu aliondoka ameapa kwamba leo lazima. Aliporudi alikaa kwenye ngazi, viatu mkononi, na mkewe akatoka kumwangalia.

"Umewaambia?"

"Leo nimesikiliza," akasema. "Nilikuwa nakwenda kuwaambia kwamba sikumaanisha. Nimesikiliza mpaka mwisho, nikaona kumbe namaanisha."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye aliyaoga. Mkewe alichukua mwaka mzima zaidi. Alikwenda, akakaa nyuma, akalipima lile kanisa kama anavyopima kitambaa sokoni, akilivuta huku na huku kuona kama litatanuka. Mwishowe akabatizwa katika birika lile lile, na mumewe alikuwa amelikagua mara mbili siku moja kabla.

Miaka saba ikapita. Mchungaji mzee akastaafu, akaenda kukaa kwa binti yake. Sasa, Wabaptisti hawaletewi mchungaji kutoka juu. Hawana askofu. Kila muumini, awe daktari au mama mfagizi, ana kura moja, na kila mmoja huitumia kana kwamba amepewa tatu. Rangi ya pazia peke yake ilikuwa imewachukua vikao viwili na ugomvi mmoja. Lakini jina la fundi bomba lilipotajwa, kikao kilikwisha kabla ya chai kupoa. Alikuwa amesoma kozi ya Maandiko kwa posta, miaka minne, akijibu maswali kwenye karatasi zenye alama za grisi. Alikuwa ametembelea wagonjwa wote. Vijana walikuwa wameshambandika jina la Bomba, na kama ujuavyo, neno hilo lina maana mbili, na zote mbili alizistahili.

Kura za ndiyo, hamsini na nane. Kura za hapana, moja.

Aliyezihesabu alikuwa shemasi mkuu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa wala kumsamehe aliyechelewa. Kengele alisoma matokeo, akashusha miwani hadi ncha ya pua, akawatazama waumini kama watu wa darasa ambalo mmoja wao amerusha chaki. "Kuna mmoja kati yetu," akasema, na hakumalizia. Kwa wiki mbili watu waliangaliana kwa pembe ya jicho. Mama wa kwaya ya wanawake aliacha kumsalimu mpiga ngoma kwa tuhuma tu.

Mchungaji mpya hakuuliza. Jumanne ya wiki ya pili alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni kwake, kichwa na mabega ndani ya kabati, miguu nje sakafuni. Mkewe alikuwa amesimama juu yake akifuta vikombe.

"Ni mimi," akasema.

Spana ikanyamaza. "Wewe nini?"

"Ile kura. Ni mimi niliyesema hapana."

Tone la maji lilianguka mahali.

"Kwa nini, mke wangu?"

"Kwa sababu wewe huwezi kumkatalia mtu. Watakutafuna mzima mzima, mimi nibaki na viatu."

Sauti ikatoka chini ya sinki. "Ungeniambia mapema. Zingekuwa kura mbili." Akaanza kucheka, akasahau alipo, akainua kichwa, akakigonga kwenye bomba hadi vikombe vikatetemeka kabatini.

Mama Mchungaji, kama alivyoitwa tangu hapo, alikuja kulitafakari jambo hilo baadaye. Alikuwa amelala na maneno yale kooni kwa karibu wiki mbili. Uso kwa uso na mumewe alishindwa. Alipoona viatu viwili tu na soksi iliyotoboka kisigino, yakatoka yenyewe kama punje kwenye gunia lililofumuka.

Wala hakuwa peke yake. Mchungaji Bomba hakuuacha ufundi. Asubuhi alikuwa chini ya masinki ya watu, jioni alikuwa na Neno, na haikuchukua muda mambo hayo mawili yakachanganyika. Mtu akikaa mbele ya mchungaji sebuleni, na zulia limefagiliwa na watoto wamepanguswa pua, atasema nini? Atasema Bwana asifiwe, hatujambo, tunaendelea vizuri. Lakini mchungaji akishaingiza kichwa kabatini, na anachoonekana ni miguu tu, na mikono yake ina kazi, mwenye nyumba huegemea meza na kuanza kwa kuumauma maneno: "Mchungaji... hivi, kwa mfano, kama mtu..."

Koki ya dakika kumi ilimchukua saa mbili.

"Ilikuwa imeharibika sana?" mkewe alimuuliza siku moja, chakula kimepoa.

"Koki ilikuwa nzima," akasema. "Kilichovuja ni kingine."

"Nani? Yule wa nyumba ya kona? Amesema nini?"

"Nipe chumvi, mama watoto."

Hapo ndipo Mama Mchungaji alipoonja mateso ya imani. Alikuwa mwanamke mwenye mapenzi ya dhati na habari za watu. Cherehani yake ilikuwa karibu na dirisha kwa sababu maalum. Na sasa amelala kitanda kimoja na mtu anayejua siri za mtaa mzima, na mtu huyo hatoi hata kipande. Alijaribu kumnunua kwa maandazi, akajaribu kumnunia. Akajaribu kukisia kwa sauti ili aone kama atashtuka. Mume alikuwa kama tangi lililofungwa vizuri, hata unyevu hautoki.

Walikuwapo pia waliomwita kwa maombi huku wakitaka koki. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alileta ujumbe kwamba ukutani mwake mna pepo, linalia kila mtu akinawa. Mchungaji akaenda na mashemasi wawili. Wakaimba, wakaomba, mashemasi wakakemea hadi sauti zikawakauka. Mchungaji akaweka sikio ukutani, akaomba afungue kidogo hapa, akakaza kidogo pale. Hewa iliyonaswa kwenye bomba ikatoka kwa mlio mmoja mrefu, ikafuatiwa na kutu, na shemasi mmoja alikuwa keshafika mlango wa chini. Mama wa ghorofa ya pili alitoa ushuhuda Jumapili. Mchungaji alijaribu kueleza habari za hewa na shinikizo, lakini alipoona jinsi watu walivyofurahi akanyamaza. Ile haya yake haikumtoka hata siku moja.

Sasa, ukuta wa kushoto wa kanisa ulikuwa ni ukuta wa kulia wa duka la nyama. Mwenye duka aliitwa Bucha, na sijui kama alikuwa na jina lingine. Mtu huyo alikuwa na kifua kama mlango wa ghala, na mkono wake mmoja ulitosha kuwa mguu wa mtu mwingine. Kila Jumapili aliweka redio dirishani na kufungulia mpira. Mchungaji akifika mahali pa huzuni katika mahubiri, ukuta unapiga kelele, "Gooo!" Mashemasi walimwandikia barua tatu. Zote alizifungia nyama.

Jumatatu moja mfereji wa duka lake uliziba kwa mafuta yaliyoganda, na harufu ikawafukuza wateja. Bucha hakumwita mchungaji. Mchungaji alisikia harufu, akaja mwenyewe na waya wake wa kuzibulia. Akalala chini ya beseni kuu asubuhi nzima. Mama Mchungaji alipita mara tatu nje akijifanya anatafuta paka, wakati hawakuwa na paka, na mara zote tatu alimwona Bucha ameinama juu ya viatu vya mumewe, akieleza jambo kwa mikono yake mikubwa, kisu kimewekwa chini.

"Alikuwa akisema nini?"

"Kisu cha kukatia chumvi kiko wapi?"

"Chumvi haikatwi kwa kisu!"

"Basi nipe hivyo hivyo."

Jumapili iliyofuata redio haikusikika. Ya pili yake, mlango wa chuma ulilia na Bucha akaingia kwa ubavu, akakaa benchi la nyuma, na waliokuwa upande wa pili wa benchi wakapanda juu kidogo. Baada ya miezi mitano ya mafundisho akaomba ubatizo.

Kengele alitoa tahadhari kikaoni. Mchungaji ni mwepesi kama fito, akasema, na birika lile lilijengwa kwa watu wa kawaida. Mchungaji akasema Mungu ataona njia.

Siku yenyewe Bucha alishuka ngazi za birika akiwa na kanzu nyeupe aliyoshonewa na Mama Mchungaji kwa mashuka mawili. Aliposhuka ngazi ya kwanza, maji yalipanda. Ngazi ya pili, yalifika ukingoni. Ya tatu, yakamwagika mbele, yakapita chini ya mimbari, na kwaya ya wanawake, waliokuwa wamevua viatu vya visigino, waliona viatu vyao vikianza safari kuelekea mlangoni. Mchungaji alisimama maji yakiwa kidevuni. Akatamka maneno yanayotamkwa, akaweka mkono mmoja kwenye kifua kile na mwingine nyuma ya shingo, akamlaza.

Wote wawili wakapotea.

Watu wakahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Kisha maji yakapasuka na Bucha akainuka akitiririka, na kifuani amemkumbatia mchungaji kama mtoto mchanga. "Haleluya!" akanguruma. Mchungaji akakohoa. Mama Mchungaji, kwenye benchi la mbele, miguu ndani ya maji, alikuwa anacheka mpaka akajishika mbavu, na machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujua ni ya kicheko peke yake au la.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatano. Kwenye kikao, Kengele alisimama na daftari. "Mimi nilikuwa upande wa kulia," akasema, "na kwa masikitiko makubwa nasema niliona goti."

"Goti gani, Mwalimu?"

"Goti la ndugu yetu Bucha. Halikuzama. Lilibaki nje kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisi ni Wabaptisti. Tunazamisha mwili wote. Kama goti halikuzama, mtu hakubatizwa. Amelowana tu."

Ukumbi ukachafuka. Wengine waliona goti, wengine waliona povu. Mmoja akauliza kama goti linaweza kubatizwa peke yake siku nyingine. Bucha mwenyewe alisimama akasema, kwa sauti ndogo isiyolingana naye, kwamba yuko radhi kurudia, maana mara ya kwanza aliona raha. Mwishowe wote wakamgeukia mchungaji.

Mchungaji alisugua kidevu. "Ubatizo ni maziko," akasema taratibu. "Ndivyo tunavyofundisha. Sasa, mtu akizikwa, kidole cha mguu kikabaki nje, tutasema hajafa?"

"La," wakajibu.

"Tutasema nini?"

"Kaburi ni fupi!" Bucha akaropoka.

"Basi. Birika ni fupi. Tulirefushe."

Watu walicheka hadi bati likaitika. Ikapigwa kura: ubatizo ni halali, birika lirefushwe. Kengele alipata kura kumi na tisa. Kushindwa angevumilia, alikuwa mwanamume wa utaratibu. Kilichomchoma ni kile kicheko. Katika miaka thelathini ya ualimu hakuna darasa lililowahi kumcheka. Alifunga daftari, akavaa kofia, akatoka, na wale kumi na wanane waliopiga kura naye wakatoka nyuma yake. Mwezi haukuisha wakakodi saluni iliyohama upande wa pili wa barabara na kutundika kibao cha kanisa jipya. Mtaa, ambao haukosi ulimi, ukaliita Kanisa la Goti.

Mchungaji Bomba hakusema kitu, lakini Mama Mchungaji alimpunguzia suruali mara mbili mwaka ule. Fundi hahitaji kuambiwa. Kiuno cha mume wake kilimweleza yote. Jumapili, wakati wa kuimba, alimwona anatazama mlango, kama mwenye duka anayengoja mteja wa siku zote.

"Mimi ndiye niliyewachekesha," alimwambia mara moja tu. "Ningeweza kusema jambo lile lile bila kidole cha mguu."

Kisha habari zikaja kwa njia ya dirisha la cherehani: Kanisa la Goti wamejijengea birika. Refu. Na linavuja. Wameita mafundi watatu, na kila mmoja ameongeza tundu.

"Hawakuiti ng'o," Mama Mchungaji akasema. "Kengele afadhali abatize kwa vumbi."

Mume alikuwa keshachukua mkoba.

"Unakwenda wapi? Wamekuibia kondoo kumi na tisa, na wewe unakwenda kuwazibia birika?"

"Kondoo wanahitaji maji, mama watoto. Njoo unishikie tochi, kule chini kuna giza."

Mkewe akaenda naye, amenuna, tochi mkononi kama rungu. Ile saluni ilikuwa bado na vioo ukutani, kwa hiyo popote Kengele alipojigeuza alijiona. Alifungua mlango, akamtazama mchungaji, akautazama mkoba, akasogea pembeni. Chini ya birika palikuwa na upenyo mwembamba wa kupitishia bomba. Mchungaji akajipenyeza humo, akabaki miguu tu. Mama Mchungaji akapiga magoti, akamulika.

Nusu saa ilipita. Kengele alisimama wima, mikono nyuma. Aliangalia saa. Alisafisha miwani. Akaenda mlangoni, akarudi. Kisha akakohoa.

"Mchungaji," akaviambia vile viatu. "Hivi, kwa mfano, kama mtu... kama mtu mzima, mwenye wajukuu, aliliona goti, na kweli aliliona..."

"Mm," upenyo ukajibu.

"...lakini kama baadaye, akiwa peke yake, akaona kwamba goti lile halikuwa na haja ya kuonekana. Mtu kama huyo anaanzia wapi?"

Spana haikusimama. Ilipunguza mwendo tu. Mama Mchungaji alijitahidi kutazama ukuta, lakini ukuta ulikuwa kioo, na kwenye kioo alimwona mzee yule, aliyetisha vizazi viwili vya watoto, kidevu kinamcheza.

"Anaanzia hapo hapo alipo, Mwalimu," sauti ikasema kutoka chini. "Na yule aliyewafanya watu wamcheke mwenzake, yeye anaanzia wapi?"

Kengele alikunja suruali kwa uangalifu, mstari wa pasi usiharibike, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye majimaji, akamwambia Mama Mchungaji, "Nipe tochi, mama. Mkono wako umechoka."

Mama Mchungaji akampa, akatoka nje akawaacha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuondoka mahali penye habari kwa hiari yake mwenyewe. Walitoka baada ya muda mrefu, wote wawili wachafu. Birika halikuvuja tena.

Usidhani makanisa yaliungana. Lililetwa pendekezo, likapigiwa kura pande zote mbili, na pande zote mbili likashindwa, kwa kuwa kila upande ulikuwa umeshanunua vyombo vyake vya muziki. Lakini wenye miili mikubwa wa kanisa la ghalani walivushwa barabara kwenda kubatizwa kwenye birika refu, maana lile la kwao lilibaki bila kurefushwa, na wa Kanisa la Goti walikuja ghalani siku za mazishi, maana huko kulikuwa na nafasi.

Mchungaji Bomba alifariki akiwa na miaka sabini na minne, saa nane mchana, kwenye kiti chake, baada ya kumwambia mkewe kwamba chai ina sukari nyingi. Mama Mchungaji alikwenda jikoni kuongeza maji ya moto. Aliporudi, kikombe kilikuwa kimewekwa vizuri kwenye sahani yake, na mwenyewe hayupo.

Kengele, sasa mwenye miaka themanini na kitu, ndiye aliyeandaa wasifu wa marehemu. Alikuja na daftari, akaketi, akapangusa macho kwa muda mrefu kabla ya kuuliza. "Maneno yake ya mwisho, mama. Watu watapenda kusikia. Hakusema lolote kuhusu kondoo?"

"Alisema chai ina sukari nyingi."

"Hakuna lingine?"

"Hakuna, Mwalimu."

Kengele alifikiri, akaandika, na siku ya mazishi akasoma mbele ya umati uliojaza ghala na barabara kwamba mtumishi huyu aliondoka akiutaja utamu. Watu walilia sana hapo. Mama Mchungaji aliinamisha kichwa, akavuta kitambaa usoni, na mabega yakamtikisika. Waliokuwa karibu walimshika wakamwambia jikaze. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anacheka, naye hakuwasahihisha.

Miezi mitano baadaye kanisa likampigia kura mchungaji mpya, kijana mrefu mwenye shahada na miwani. Alihubiri vizuri, na alitumia chati. Alhamisi moja mchana alipiga hodi kwa Mama Mchungaji, akavua viatu, akaketi kwenye ncha ya kochi, akasifu mapazia, akauliza habari za mgongo wake. Mama Mchungaji alikuwa ameishi na watu wa namna hiyo miaka yote. Alingoja.

"Mama," kijana akasema hatimaye, "Jumapili nina watu wanane wa kubatiza. Chuoni walitufundisha historia ya ubatizo, na mjadala wake. Lakini hawakutufundisha... mtu unamshika wapi? Mzee alifanyaje? Mtu mdogo vile."

Mama Mchungaji akaweka sindano chini. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu. Katika ubatizo wa kwanza kabisa aliouendesha mumewe, bibi mmoja alimponyoka akaibuka peke yake upande wa pili wa birika. Mchungaji aliaibika hata akataka kuiacha kazi. Tangu siku ile, kila Jumamosi ya kabla ya ubatizo, aliondoa mito kwenye kochi hili hili, akamsimamisha mkewe mbele yake, akamlaza na kumwinua, akamlaza na kumwinua, hadi sufuria jikoni ikaungua. Majini alizamishwa mara moja. Kwenye kochi hakujua idadi.

"Ondoa mito," akasema. "Simama hapa. Mimi ndiye mbatizwa. Mkono wa kushoto nyuma ya shingo. Si hapo, hapo ni nywele. Sasa nilaze."

Kijana akamlaza kama mtu anayeshusha kabati la vyombo.

"Tena. Umeniharakisha."

Walikuwa kwenye mara ya tano, Mama Mchungaji amekunja mikono kifuani anatazama dari, mchungaji kijana ameinama juu yake na jasho puani, mlango uliposukumwa na Bucha akaingia kwa ubavu, mvi kichwa kizima, na furushi la nyama mkononi. Akasimama. Akawatazama. Akaanza kurudi kinyumenyume.

"Unakwenda wapi wewe?" Mama Mchungaji akamwambia akiwa pale pale chali. "Afadhali umekuja. Weka nyama jikoni, unawe mikono, uje usimame hapa. Mimi ni mwepesi mno, hatajifunza kitu."

Bucha alinawa, akaja, akasimama mbele ya kochi, akakunja ile mikono yake mikubwa kifuani na kufumba macho. Kijana akaweka kiganja nyuma ya ile shingo.

"Usimshushe," Mama Mchungaji akasema, akimwekea sawa kiwiko. "Mwache aje mwenyewe. Wewe kazi yako ni kumpokea."